Mtoto anapouliza, 'Mungu atatujibu lini?'

Kuna swali ambalo ni nadra kuulizwa kanisani. Huulizwa usiku nyumbani, sala ya familia ikishamalizika. Baba amepunguzwa kazini tangu mwaka jana, mwenye nyumba ameshapiga simu mara mbili wiki hii, na mtoto wa darasa la nne, ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akifumba macho na kuitikia amina pamoja na wenzake, leo haendi kulala moja kwa moja. Anasimama mlangoni na kuuliza: "Mama, Mungu atatujibu lini?"

Wazazi wengi hujibu haraka: karibuni tu, mwanangu. Wengine hutaja na siku kabisa: mwezi ujao, kabla ya Krismasi, shule zikifunguliwa. Wanasema hivyo kwa upendo, maana hakuna anayependa kumwona mwanawe akilala na wasiwasi. Lakini mwezi ujao hufika, Krismasi hupita, shule hufunguliwa na ada haijapatikana. Mtoto hubaki na hesabu yake moyoni: ama Mungu hakusikia, ama mama alidanganya. Hesabu hiyo huwa haisemi kwa sauti. Huonekana baadaye, siku anapoacha kufumba macho.

Mstari ambao familia nyingi za Kikristo hukimbilia wakati kama huo ni Yeremia 29:11. Umeandikwa kwenye vioo vya daladala, kwenye kalenda za ukutani, kwenye kadi za kuwatakia watoto heri katika mtihani. Ndani yake Mungu anawahakikishia watu wake kwamba nia yake kwao ni njema na kwamba mbele yao lipo tumaini. Ni ahadi ya kweli, na hakuna sababu ya kuibandua ukutani. Shida ni kwamba wengi wameupokea mstari huo peke yake, kama barua iliyochanwa ikabaki sentensi moja. Mstari unaoutangulia, ule wa 10, unataja muda wa kungoja. Ni miaka 70.

Barua iliyokwenda Babeli

Yeremia sura ya 29 ni barua, na ina watu waliopelekewa. Mwaka 597 kabla ya Kristo (KK), Mfalme Nebukadreza wa Babeli aliuzingira Yerusalemu. Mfalme wa Yuda, Yekonia, anayeitwa pia Yehoyakini, alikuwa kijana wa miaka 18 na alikuwa amekaa kwenye kiti cha enzi miezi mitatu tu. Alijisalimisha. Kitabu cha pili cha Wafalme kinasema watu 10,000 walichukuliwa pamoja naye: mama yake, wakuu, askari, mafundi na wafua chuma. Walipelekwa mbali mno. Kuhani Ezra aliyesafiri njia hiyo miaka mingi baadaye, akitoka Babeli kurudi Yerusalemu, alitumia miezi minne.

Kwa watu hao, waliofika ugenini bila kujua kama nyumba zao bado zina paa, Yeremia aliandika kutoka Yerusalemu. Mtu angetarajia barua ya kuwaambia wafunge mizigo. Badala yake aliwaambia wajenge nyumba na wakae ndani yake. Wapande bustani na kula mazao yake. Waoe, wazae, na wakati ukifika wawaoze watoto wao, ili idadi yao isipungue huko. Wauombee heri mji ule ule uliowateka, kwa kuwa ukiwa na amani, nao watapata amani. Ndipo ukaja muda wa miaka 70, na baada ya muda huo ndipo ukaja ule mstari wa kwenye kalenda.

Mzazi mwenye miaka 35 aliyesomewa barua ile hakuhitaji kalamu kupiga hesabu. Miaka 70 ikitimia angekuwa na miaka 105. Alielewa kwamba yeye harudi. Pengine mwanawe naye harudi. Ahadi ilikuwa ya kweli, lakini atakayeipokea mikononi ni mjukuu, tena mjukuu huyo atazaliwa tu iwapo yeye, mfungwa mwenye uchungu, atakubali kuoa, kujenga na kulea katika nchi asiyoipenda. Hapo ndipo barua hii inapouma, na ndipo inapowahusu wazazi kuliko watu wengine wote.

Kuna jambo jingine gumu ndani yake. Barua haisemi kwamba Nebukadreza alimshinda Mungu. Inasema Mungu mwenyewe ndiye aliyewaacha wachukuliwe. Huko ndiko kuamini enzi ya Mungu kunakomfikisha mtu: hata Babeli haikuwa nje ya mkono wake. Lakini mzazi anahitaji uangalifu hapa, kwa sababu mtoto mwenye akili atauliza swali la pili: basi tumekosa nini? Yeremia alitaja dhambi za taifa zima kuwa sababu ya uhamisho ule. Hakutoa ruhusa ya kueleza kila ugonjwa, kila msiba na kila kufukuzwa kazi kwa njia hiyo. Biblia hiyohiyo ina kitabu cha Ayubu, ambamo marafiki waliosisitiza kwamba mgonjwa lazima ana dhambi aliyoificha ndio waliokemewa mwishoni. Na katika Injili ya Yohana sura ya 9, wanafunzi walipotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu fulani akazaliwa kipofu, Yesu alikataa kumtwika mzigo huo yeye au wazazi wake. Mtoto ambaye mdogo wake amelazwa wodini anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, kabla jirani hajamwambia vingine.

Nabii wa miaka miwili

Sura inayotangulia barua hiyo, ya 28, ina tukio ambalo lingefaa kusomwa katika kila nyumba inayopita kwenye dhiki. Nabii aitwaye Hanania mwana wa Azuri alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba Mungu ameivunja nira ya Babeli. Ndani ya miaka miwili, alisema, vyombo vya hekalu vitarudi, Mfalme Yekonia atarudi, na mateka wote watarudi. Ni rahisi kuwaza furaha iliyokuwa pale. Katika umati ule huenda walikuwapo kina mama ambao wana wao walikuwa miongoni mwa wale 10,000.

Yeremia alikuwepo, shingoni amevaa nira ya mti kama ishara ya ujumbe wake mwenyewe. Alijibu nini? Alisema amina. Alitamani Bwana afanye hivyo. Hakuwacheka watu kwa kutumaini, wala hakujifanya mgumu kuliko wengine. Ila aliongeza kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana siku neno lake linapotimia. Hanania akaichukua ile nira shingoni mwa Yeremia na kuivunja mbele ya watu. Maandiko yanasema Yeremia akaenda zake. Baadaye alirudi na ujumbe kwamba nira ya mti imevunjwa, na mahali pake imekuja ya chuma. Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba. Alikuwa ametoa unabii wake mwezi wa tano.

Hanania hakukosa kwa kuamini kwamba Mungu anaweza. Alikosa kwa kutia sahihi ya Mungu kwenye tarehe ambayo Mungu hakuitoa. Watu wa namna yake hawajaisha. Wapo wanaomwambia mama mwenye mkopo wa kausha damu kwamba akitoa fedha kidogo aliyobakiza, deni litafutika kabla ya mwisho wa mwezi. Wapo wanaomwambia mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameshapona. Mama huyo akirudi nyumbani na deni lilelile, watoto ndio wanaolala na njaa. Lakini si lazima kwenda mbali hadi kwa mhubiri. Mzazi aliyesimama mlangoni usiku na kusema "mwezi ujao, mwanangu" amekuwa Hanania mdogo, kwa nia njema kabisa.

Na amina ya Yeremia je? Hiyo mzazi anaweza kuisema kila siku. "Nami natamani iwe hivyo, na tumwombe Mungu iwe hivyo." Kutamani na kuomba hakuna kikomo. Kutaja tarehe kwa niaba ya Mungu ndiko kunakoharibu.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba kumwamini Mungu kwa Yeremia hakukuwa kukaa tu na kungoja mabaya. Mji ulipozingirwa tena, aliwaambia watu kwamba anayetoka na kujisalimisha ataokoa maisha yake, na anayebaki atakufa kwa upanga, njaa na tauni. Aliitwa msaliti kwa maneno hayo. Mama anayepigwa na kuambiwa avumilie kwa kuwa Mungu anatawala, hapati ushauri huo kwa Yeremia.

Kilichoandikwa kwenye udongo

Je, mateka waliifuata barua? Historia imehifadhi jibu kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Wababeli waliandika hesabu zao kwa maandishi ya kikabari, alama zilizogandamizwa kwa ncha ya tete kwenye vibao vya udongo mbichi. Udongo ukikauka hudumu kuliko karatasi. Mtafiti wa Kijerumani Robert Koldewey, aliyechimba magofu ya Babeli nchini Iraq kuanzia 1899 hadi 1917, alipata miongoni mwa vibao vya jumba la kifalme orodha za mgawo wa mafuta. Ndani yake limo jina la Yekonia, mfalme wa Yuda, pamoja na wanawe watano. Kibao kimoja ni cha mwaka 592 KK, miaka mitano tu baada ya kutekwa. Mfalme yule aliyeahidiwa na Hanania kwamba angerudi nyumbani alikuwa akipokea mafuta ya mgawo na kulea watoto.

Ushahidi wa watu wa kawaida uko kwenye kundi jingine, vibao zaidi ya 100 vya kati ya mwaka 572 na 477 KK. Havikuchimbuliwa na watafiti; vilipitia soko la vitu vya kale, na hivyo mengi kuhusu mahali vilipotoka yamepotea. Lakini maandishi yenyewe yamesomwa, sehemu kubwa ikachapishwa mwaka 2014. Vingi vinataja kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda, katika nchi ya Babeli. Wajukuu wa mateka wanaonekana humo wakilima shayiri, wakilipa kodi, wakipanga mashamba, wakikopa na kudaiwa, wakigawana urithi. Hakuna miujiza kwenye vibao hivyo. Kuna risiti. Kuna mtende na ng'ombe.

Na kuna majina. Kizazi baada ya kizazi, wengi wa wanakijiji hao waliendelea kuwapa watoto majina yenye jina la Mungu wao ndani yake, mbali na hekalu ambalo wakati huo lilikuwa majivu. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanajua uzito wa jambo hilo bila kufundishwa. Katika nyumba zetu yupo Shida, yupo Tabu, yupo Mashaka, na yupo mdogo wao Tumaini. Anayejua mwaka aliozaliwa kila mmoja anajua habari ya familia nzima.

Isidhaniwe kwamba watu wale walipanda bustani wakiwa wamekauka macho. Zaburi ya 137 inakumbuka vilio kandokando ya mito ya Babeli, na vinubi vilivyotundikwa kwa sababu nyimbo zilikataa kutoka. Maji yaliyosikia vilio hivyo ndiyo yaliyonywesha shayiri yao. Mtoto anayemwona mama yake akilia, kisha akainuka kuosha vyombo na kukagua daftari, hajaona imani iliyopungua. Wazazi wanaojifungia chooni kulia ili watoto wasijue huwa wanawanyima somo ambalo watalihitaji ukubwani.

Mabegi yasiyofunguliwa

Kuna familia ambazo dhiki imezihamisha. Kazi imeisha mjini, kodi imeshindikana, wamerudi kijijini kwa bibi au wamehamia chumba kimoja pembezoni mwa jiji. Mwaka wa pili sasa, mabegi bado yako ukutani yamefungwa. Mtoto haruhusiwi kuzoeana sana na wenzake wa shule mpya, kwa kuwa tunaondoka karibuni. Baba hapandi hata mchicha, kwa kuwa hapa si kwetu. Hajihudhurishi kwenye kikao cha shule wala msiba wa jirani. Nyumba hiyo humwomba Mungu kwa bidii, lakini inaishi kwa unabii wa Hanania.

Barua ya Yeremia, ikisomwa katika chumba hicho, inaanza na mambo madogo. Begi lifunguliwe. Sare ishonwe pale ilipotatuka. Mzazi aende akaongee na mwalimu mkuu kuhusu kulipa kidogokidogo, badala ya kumwacha mtoto arudishwe nyumbani kila wiki na barua. Jirani aliyefiwa asaidiwe kuchota maji. Mtoto apate rafiki. Hakuna kati ya hayo linalomaanisha kwamba familia imekata tamaa ya kurudi. Waliojenga nyumba Babeli walikuwa wamepewa ahadi ya kutoka Babeli, na waliambiwa wafanye yote mawili, kujenga na kungoja.

Basi mtoto aliyesimama mlangoni ajibiwe nini? Jibu la kweli huwa fupi. "Sijui lini. Najua hatatuacha. Kesho utaenda shule, na mimi nitaenda kuuliza kazi ile ya kwa mama mdogo." Watoto huvumilia "sijui" kuliko watu wazima wanavyofikiri. Kinachowatisha ni pale wanapohisi kwamba mzazi anajua jambo na kulificha. Na mtoto akiuliza tena wiki ijayo, kama atakavyouliza, jibu linaweza kuwa lilelile, maana halijaharibika.

Shamba la Anathothi

Yeremia mwenyewe alijaribiwa kwa maneno yake. Katika mwaka wa 10 wa Mfalme Sedekia, jeshi la Babeli likiwa limeuzunguka Yerusalemu kwa mara nyingine, nabii huyo alikuwa mfungwa katika uwanja wa walinzi. Binamu yake Hanameli akamjia na ombi la ajabu: nunua shamba langu lililoko Anathothi. Anathothi ni kijiji cha nyumbani kwao, kilomita chache kutoka Yerusalemu, nje ya kuta ambazo adui alikuwa amezizunguka. Kwa lugha ya leo, ni kama kuuziwa kiwanja ambacho mnunuzi hawezi hata kwenda kukiona.

Yeremia alinunua. Alipima shekeli 17 za fedha, karibu gramu 200, kwenye mizani. Aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, yote kama sheria ilivyotaka. Kisha akamwagiza karani wake Baruku aweke nakala zote mbili, iliyofungwa na iliyo wazi, katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi.

Baada ya kulipa ndipo akaomba, na sala yake iliyo katika sura ya 32 inaanza kwa sifa na kuishia kwa mshangao mtupu. Anamwambia Mungu kwa maneno yanayokaribia lawama: tazama, boma za adui zimefika ukutani, mji umeshakwisha, nawe umeniambia ninunue shamba? Hakuna aliyemkemea kwa kuuliza. Alijibiwa kwamba siku zitakuja ambapo watu watanunua tena mashamba katika nchi ile kwa fedha, wataandika hati na kuita mashahidi.

Yeye hakuziona siku hizo. Mji ulianguka na hekalu likachomwa mwaka 586 KK. Kundi la Wayahudi waliobaki walikimbilia Misri na kumchukua Yeremia pamoja nao, na huko ndiko kitabu chake kinapomwacha. Wala hakuwa na mtoto wa kumrithisha, maana aliamriwa mapema asioe katika nchi ile. Shekeli 17 zilikwenda kwa ajili ya watoto wa watu wengine.

Babeli iliangushwa na Koreshi, mfalme wa Waajemi, mwaka 539 KK, naye akawaruhusu waliohamishwa warudi. Hekalu jipya lilikamilika mwaka 516 KK, miaka 70 tangu la kwanza lichomwe. Sura ya pili ya kitabu cha Ezra ni orodha ndefu ya waliorudi, ukoo kwa ukoo na kijiji kwa kijiji, sura ambayo wasomaji wengi wa Biblia huiruka. Mstari wa 23 unataja watu wa Anathothi. Walikuwa 128. Orodha haisemi ni nani kati yao aliyelima shamba la Hanameli.